Bunju wa Fundi Bomba

Siku Bi Punguza alipokutana na Fundi Bomba alikuwa amekwenda kununua vioo. Haja na mtu hakuwa nayo. Hoteli moja ya ghorofa ilikuwa imefungwa, na mwenye mali alikuwa anauza kila kinachobebeka: viti, mapazia, majokofu, hata vitasa vya milango. Yeye alivitaka vile vioo vikubwa vya ukumbi wa mapokezi. Alikuwa ameanza kazi kwa kusuka watu barazani, mteja mkekani, yeye juu ya ndoo iliyopinduliwa. Sasa alikuwa amepanga chumba kirefu kinachotazama barabara, na chumba kitupu hakimwiti mteja.

Jina hilo la Bi Punguza hakupewa na mama yake. Alipewa na wauzaji, maana neno hilo lilimtoka mdomoni hata kabla salamu haijakauka. Siku hiyo alimpunguza mwenye mali mpaka jasho likamtiririka. Bei ikashuka, ikashuka tena, na ilipogoma kabisa kushuka, akaomba nyongeza.

"Nyongeza gani tena, mama? Vioo nimekupa kwa bei ya fremu!"

Akatupa macho huku na huku, yakatua kwenye tangi la samaki, refu kuliko kitanda cha watu wawili, limesimama juu ya meza ya chuma, maji yanameremeta. "Hilo," akasema.

"Chukua," akajibu yule bwana, upesi mno, na papo hapo Bi Punguza akajua ametwishwa mzigo. Kitu kinachotolewa kwa haraka namna ile hakikosi mguu uliovunjika mahali.

Mguu wenyewe ulikuwa umesimama pembeni ya tangi, umevaa ovaroli, unakwangua ukungu wa kijani kwenye kioo kwa kiwembe. Hoteli imefungwa, wafanyakazi wenzake wametawanyika kila mtu na njia yake, na yeye bado anakwangua. Alikuwa fundi bomba wa hoteli ile tangu ilipofunguliwa, na tangi alikabidhiwa kwa sababu mtu wa maji ni mtu wa maji.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Ndiwe uliyepewa tangi?"

"Ndiye mimi."

"Basi na mimi umepewa."

"Mtu sikuomba."

"Tangi bila mtu ni sanduku la maji machafu. Litazame baada ya juma moja, wateja wako watashika pua."

Bi Punguza akampima kwa macho. "Unakula nini?" Kila kitu alikipima kwa gharama ya kukiweka.

"Mimi? Chai ya mchana inanitosha. Mlaji ni yule pale."

Nyuma ya jiwe akachomoza samaki mwenye kichwa kama ngumi, tumbo jeupe, mgongo wa kijani uliotapakaa madoa. Macho yake yalizunguka kila moja kwa wakati wake, jicho hili likimtazama Bi Punguza viatu, lile likimtazama kilemba.

"Mbona ananikagua kama mtu wa kodi?"

"Ni bunju. Bunju wa mtoni, si wa baharini. Nimemlea tangu akiwa hivi." Akaonyesha ncha ya kidole gumba.

"Na hao wengine mbona mikia yao kama imepitiwa na panya?"

"Anawaonja."

"Anawaonja!"

"Kidogo tu, mama. Mtu mzima hakosi tabia."

Walikaa kwenye ngazi za hoteli wakapatana. Fundi Bomba hakubishania ujira. Alikubali alichotajiwa, jambo lililomtia Bi Punguza wasiwasi, kwa sababu mtu asiyebishana mwanzoni ana jambo la mwisho. Nalo likaja. Sharti lake lilikuwa moja: bunju akae tangini pamoja na wenzake, asitengwe, asitolewe. Kila mtu hotelini alikuwa amemwambia bunju ni mnyama wa peke yake, mkorofi, hakai na watu. Yeye alikuwa amemkalisha miaka. Tena hakuwa na pengine pa kumpeleka. Aliishi kwa binti yake, nyumba ina ndoo moja, na ndoo hiyo ndiyo wanayoogea watoto.

"Tangi langu, bunju wako," akasema Bi Punguza. "Akae."

Wakapeana mikono.

Saluni ilipofunguliwa, tangi ndilo lililokuwa likivuta macho ya mpita njia. Upande mmoja masinki ya kuoshea nywele, upande wa pili draya zimepangwa kama kofia za askari, na katikati, ukutani, yale maji. Mchana jua lilipopenya mlangoni lilipiga tangi, likarusha vivuli vya mawimbi darini, na wanawake waliofunikwa draya waliinua vidole vya miguu kuvifuata. Chumba kilinukia mafuta ya nywele na sabuni, na nywele zilizoungua kidogo. Pampu ikikoroma chini kama mtoto mwenye mafua. Maji ya moto hayakuwepo. Yalichemshwa nyuma kwa sufuria, yakaletwa kwa jagi, mteja akipiga kelele mara yameunguza, mara yamepoa. Lakini hakuna aliyelalamika kusubiri. Mtu alikuja asubuhi, akasukwa alasiri, na akiinuka kitini anauliza, "Aa, zamu yangu imefika mara hii?"

Fundi Bomba alifika kabla draya hazijawashwa. Alimlisha bunju kwanza, wengine baadaye. "Mwenye ngumi mpe kwanza," alisema. "Akishiba ni mtu kama wewe." Konokono aliwaokota kwenye mfereji wa bustani nyuma ya jengo, akawaosha, akawatupia mmoja mmoja. Kraa! Gamba likapasuka, sauti ikafika mpaka mlangoni.

Na alipoletwa samaki mgeni, hakumtia tangini hivi hivi. Aliwasukuma wenyeji wote kona moja kwa wavu, akapindua mtaa mzima: jiwe la kushoto likaenda kulia, kigogo kilichosimama kikalazwa, chungu kikafunikwa kifudifudi. Ndipo akamwachia mgeni. Bunju akatoka kwa hasira zake, akakuta pango lake halipo. Akazunguka, akatafuta, akasahau kabisa kumuuliza mgeni ametoka wapi.

"Ukitaka mgeni asionewe," alimwambia Bi Punguza, "hamisha nyumba nzima, wote wawe wageni."

Bi Punguza hakuwa mtu wa kuacha akili ya bure ianguke chini. Siku alipoajiri msusi mpya, alikuja alfajiri akahamisha viti vyote, hata kiti cha msusi mkuu aliyekuwa akijiona ameolewa nacho. Ikapita asubuhi nzima watu wakitafuta vitana vyao, na mgeni akapata kona yake bila neno.

Tangini hakuingizwa mzembe. Kulikuwa na kundi la samaki wa rangi ya fedha, wepesi, wateja wakawaita Mawifi, kwa kuwa wakigeuka wanageuka wote, na wakikutazama wanakutazama wote. Kulikuwa na mmoja mwenye magamba magumu kama bati, kutwa amebandika mdomo kwenye kioo analamba, huyo Mfagiaji. Wenye mikia mirefu Fundi Bomba hakutaka kusikia habari zao. "Kumwekea bunju mkia mrefu ni kumwanikia mbuzi nguo."

Bunju mwenyewe walimwita Ushuru, maana hakuna aliyepita mbele ya pango lake asiache kitu.

"Leo kachukua kwa nani?" mteja aliuliza akiingia, hata mkoba hajaweka.

"Kwa wifi wa mwisho. Kamegwa kisigino."

"Anastahili. Yule ana maringo tangu juzi."

"Mimi ningekuwa na meno kama yale," akasema mwingine kutoka ndani ya draya, kwa sauti kubwa kama ya mtu asiyejisikia, "mume wangu angerudi nyumbani mapema."

"Angerudi, au angehama?" akauliza Dada wa Kucha, msichana aliyekaa karibu kabisa na tangi na meza yake ya rangi za kucha.

Kicheko kiliwaka upande wa draya kikazimika upande wa masinki. Hata Fundi Bomba, mwanamume pekee mle ndani, alicheka akiwa amegeuza uso kwenye kioo, akijifanya anakwangua.

Mteja mkubwa kuliko wote alikuwa mke wa meneja wa kiwanda. Alikuwa mkubwa kwa watu aliowaleta zaidi kuliko kwa nywele zake. Harusi ikitokea katika ukoo wake, na ukoo wake ulioa na kuolewa kama mvua inavyonyesha, alikuja na bibi harusi, mashangazi, madada na majirani, saluni ikajaa mpaka kizingitini. Siku moja yuko chini ya draya, bunju akapasua konokono mkubwa, nyama yake ikaning'inia mdomoni kama kamasi.

"Jamani nitatapika!" akasema Mke wa Meneja. "Hapa ni pa urembo au bucha?"

Jioni Bi Punguza akamwita Fundi. "Konokono mwisho leo."

"Atakula nini?"

"Kamba wa kumenywa. Nitanunua mwenyewe."

"Amezoea kazi ya kutafuna, mama."

"Mzee wangu, mimi mwenyewe silishwi kamba wa kumenywa na mtu. Wewe unalalamika?"

Fundi Bomba akakuna shingo, na usoni akaonekana kama mzazi ambaye mwanawe ameitwa kula meza kuu. Hakubisha tena.

Zikapita wiki, ikapita miezi. Bunju akatulia. Kwanza aliwaonja Mawifi mara moja moja, kisha akawa anawafukuza bila kuwafikia, kisha akaacha hata kufukuza. Mikia ikaota, mizima kama vipepeo. Saluni nzima ikatoa sababu zake. Mmoja alisema amezeeka. Mwingine alisema ndivyo waume walivyo, walishwe vizuri tu. Msusi mkuu alisema ni muziki wa redio. "Amestaarabika," wakakubaliana, na Fundi Bomba alitembea mle ndani kifua mbele.

"Si niliwaambia? Waliosema hakai na watu wako wapi?"

Katika amani hiyo ndipo Mke wa Meneja alipoleta mfuko mkubwa wa maji, ndani yake samaki wa dhahabu, wazito, mikia inawafuata nyuma kama shela. Alikuwa amewaleta kutoka safarini.

"Zawadi ya saluni," akasema. "Maharusi wangu wanataka kupigwa picha mbele ya kitu chenye hadhi. Lakini nakwambia mapema, dada: wakiguswa hawa, mimi na watu wangu tunahama."

Bi Punguza alitabasamu akapokea. Zawadi iliyofungwa kamba mguuni aliijua kuona, lakini harusi zilikuwa zinakuja. Fundi Bomba aliitazama ile mikia kwa muda mrefu. Kisha akahamisha mawe, akalaza kigogo, akawaachia. Bunju akatoka, akawazunguka, akawatazama kwa jicho moja moja, akarudi pangoni. Wanawake wakapiga makofi.

Aliyegundua ni Dada wa Kucha. Mtu anayeinamia vidole kutwa nzima huwa na jicho la vitu vidogo. Asubuhi moja alikuwa anapanga chupa zake huku Fundi akilisha.

"Mzee, mbona anatema?"

"Nani?"

"Ushuru. Kamba anaingia, anatoka. Anaingia, anatoka. Kama mtoto asiyetaka dawa."

Fundi Bomba akabandika uso kwenye kioo. Macho yake siku hizo yalikuwa yameanza kuingia ukungu, ila hakuwa amemwambia mtu. "Niangalizie mdomoni. Unaona nini?"

Msichana akainama. "Meno yamepishana. Kama mdomo wa kasuku." Akainama zaidi. "Yamekua, mzee. Kama kucha za mtu aliyelazwa hospitali miezi, hakuna wa kumkata. Hawezi hata kufungua mdomo vizuri. Na tumbo, mbona limeingia ndani hivi?"

Fundi Bomba akakaa kwenye kiti cha kuoshea nywele, kiti ambacho hakuwa amekikalia hata siku moja. "Meno yake hayaachi kukua," akasema, kana kwamba anajiambia mwenyewe. "Konokono ndiye aliyekuwa tupa yake. Anatafuna, yanasagika. Tumemlisha laini." Akapangusa uso kwa kiganja. "Hakustaarabika. Ana njaa."

Bi Punguza alikuwa amesimama mlangoni na funguo mkononi. Alisikia yote.

"Sasa?"

"Akatwe meno. Leo, au kesho kutwa hatutakuwa na wa kumkata."

"Na akishakatwa?"

"Atakula."

"Na akishakula?"

Mzee akageuza kichwa, akaitazama ile mikia ya dhahabu ikipepea. "Atakuwa yeye."

"Basi weka kioo katikati. Yeye huku, wale kule."

"Hotelini walinilazimisha kufanya hivyo. Alipanda na kushuka kwenye kile kioo mpaka pua ikachubuka, akageuka mweusi kama kaa la mawe, hali hanywi. Mama, tulipatana akae na wenzake."

"Tulipatana kabla sijajaza wapiga picha humu."

"Sawa. Niambie tu kwamba mapatano yamekwisha, nimtie ndooni nimpeleke nyumbani." Alisema bila hasira, na ndiyo iliyokuwa mbaya. Ndoo ya nyumbani wote wawili walijua ina kazi gani.

Asiyemjua Bi Punguza angesema alimhurumia mzee. Hapana. Alikaa kwenye meza ya mapokezi, akaweka mambo mawili kwenye mizani. La kwanza, katika mji ule yeye alikopeshwa mafuta, rangi na nywele za bandia kwa neno la mdomo tu, kwa sababu alikuwa anakamua bei mpaka tone la mwisho, lakini akishatoa mkono, mkono umetoka. Akimvunjia mzee mapatano, watu watasikia kwamba mkono wake una mgongo na tumbo, leo huu kesho ule. La pili, Mke wa Meneja akishaona kitisho kimoja kimefanya kazi, kesho atachagua rangi ya kuta, na kesho kutwa atachagua nani asukwe kwanza. Mizani ikalala upande mmoja, si sana, lakini ikalala.

Bado hakuwa mtu wa kutoa kitu akatoka mikono mitupu.

"Mimi napata nini?"

Fundi Bomba hakufikiri hata kidogo, kama vile jibu alikuwa nalo mfukoni siku zote. "Maji ya moto. Masinki yote."

"Yasiunguze?"

"Yasiunguze."

"Kata."

Dada wa Kucha alitumwa kwa muuza viungo kununua mafuta ya karafuu, maana Fundi alijua kwamba matone yake majini humlaza samaki usingizi. Sinki moja la kuoshea nywele likasuguliwa, likasuuzwa mpaka harufu ya sabuni ikatoka, likajazwa maji ya tangini. "Asitoke majini hata kidogo," mzee alionya. "Bunju akishtuka juu ya maji anameza hewa, anafura kama mpira, na hewa ile haitoki." Kwa hiyo wakamchota kwa bakuli na maji yake, wakamshusha ndani ya sinki, shingo ya mteja inapolala. Wateja waliokuwepo hawakuondoka. Mmoja alikuwa na povu kichwani, mwingine nusu amesukwa nusu bado, wote wakasogea.

"Nani atakata?" akauliza msusi mkuu.

Fundi Bomba akaangalia mikono yake, kisha macho yake akayafumba na kuyafumbua. "Huyu," akasema, akimnyooshea kidole Dada wa Kucha.

"Mimi? Wateja wangu huwa hawana mapezi!"

"Kucha ni kucha, mwanangu. Mimi nitamshika, wewe utakata. Kidogo kidogo. Ukiona wekundu wa nyama, simama."

Bunju alipoacha kupepea, mzee akamzungushia taulo lililolowa, akamwelekeza uso juu, chini ya maji. Msichana akaingiza koleo yake ndogo ya kucha. Draya zikazimwa. Hata redio mtu aliizima. Tk. Kipande kikazama. Tk. Kingine.

"Rangi gani atapakwa?" akanong'ona mwenye povu.

"Nyamaza, utanichekesha nimkate mdomo!"

Ndipo mlango ulipofunguliwa akaingia Mke wa Meneja, na miadi yake ya saa hiyo ambayo kila mtu alikuwa ameisahau. Akatazama mgongo wa kila mtu. Akasogea. Akaona.

"Mnamfanyia samaki kucha?"

"Meno," akasema Dada wa Kucha bila kuinua kichwa.

Bi Punguza akampokea, akamtenga pembeni. "Dada, samaki wako wako kwenye ndoo ile, maji safi, wazima, mikia yao mizima. Nakuomba uwachukue leo. Nywele za leo nitakutengeneza mimi mwenyewe, bure." Neno hilo la mwisho lilimtoka kwa shida, na wote waliomfahamu waligeuka kumtazama.

"Unanifukuza kwa ajili ya samaki wa fundi bomba?"

"Sikufukuzi. Kiti chako kipo. Samaki wako ndio hawana kiti."

"Mimi nimekujazia saluni hii."

"Umejaza, sikatai. Na kila uliyemleta alitoka amependeza."

"Basi tuone atakayekujazia sasa." Akaita dereva wake, ndoo ikabebwa, na samaki wa dhahabu wakaondoka wakiyumba na shela zao. Bi Punguza alilitazama gari mpaka likakunja kona. Ndoo ilikuwa yake, tena mpya, haikurudi.

Nyuma yake, kwenye sinki, bunju akapepea pezi moja, kisha la pili. Fundi Bomba akamrudisha tangini kwa bakuli lile lile, akamshika chini ya mkondo wa pampu mpaka akaanza kuogelea mwenyewe, akiyumba kama mlevi. Kutwa hiyo hakula. Asubuhi yake mzee alitupa konokono mdogo, mwenye gamba jepesi. Akangoja mkono ukiwa majini hadi kiwiko. Kraa.

Saluni nzima ikapiga vigelegele. Kabla ya mwisho wa juma, Mawifi walikuwa hawana mkia wa kuringia.

Harusi za ukoo ule zilihamia saluni ya mtaa wa pili, zote, kama alivyoahidi mwenyewe. Viti vikakaa vitupu msimu mzima, na msusi yule aliyeingizwa kwa kuhamisha viti ikabidi aambiwe akatafute kwingine. Hiyo haikuwa hasara ya maneno. Fundi Bomba naye alitimiza ya kwake. Alipandisha pipa juu ya paa, akapata kipasha maji kilichotupwa na hoteli yake ya zamani, akakifumua, akakishona upya, akapitisha mabomba ukutani, kila sinki na koki zake. Maji yakatoka vuguvugu kama pumzi. Wakaanza kuja wanawake wa maofisini, asubuhi za baridi, waoshwe waende kazini. Hawakuleta mashangazi, wala hawakuleta masharti.

Wale ndio waliokuwa watu wa zile asubuhi ambazo Bi Punguza huzikumbuka zaidi: mvuke kwenye vioo, viatu vya ofisi vimepangwa chini ya kiti, mzee na mkono wake majini, na mtu anauliza akiwa ameinamia sinki, uso hauonekani, "Leo kachukua kwa nani?"

Macho ya Fundi Bomba yalizidi ukungu. Miaka ya mwisho alilisha kwa kusikia. Akitupa konokono aliinamisha sikio, na kwa mlio tu aliweza kusema gamba ni nene au jepesi, bunju ana njaa au anacheza. Kisha mume wa binti yake akahamishwa kikazi, na binti akaja kumchukua baba yake. Hakuna aliyelia. Mzee alimwonyesha Dada wa Kucha namna ya kusafisha chujio, akamwambia meno yaangaliwe, akaosha mikono kwa maji yake ya moto, akaikausha kwa ovaroli.

"Bunju nakuachia, mama," alimwambia Bi Punguza. "Si zawadi. Ana gharama."

"Najua. Nimemlisha kamba."

Bunju aliishi miaka mingi baada ya hapo. Alipokufa, Bi Punguza mwenyewe alimpigia simu mzee, jambo ambalo angeweza kumtuma mtu.

"Amekufa leo alfajiri, mzee wangu. Uzee tu."

Mzee akaibana simu sikioni. "Jana alikula?"

"Alikula."

"Alikuwa na nani?"

"Na wenzake wote. Jioni kamng'ata mmoja."

Fundi Bomba alicheka, akacheka mpaka kikohozi kikamshika, binti yake akamnyang'anya simu. Alikuwa amepata alichokitaka siku ile kwenye ngazi za hoteli, kizima, bila kupunguziwa hata chembe: samaki wake alikufa mkorofi na hakuwa peke yake. Alichokipoteza ni kwamba hakuwepo kumsikia.

Bi Punguza alibaki na mabomba, ambayo mpaka leo hayajavuja, na tangi. Mawifi wakaota mikia, wakanenepa, wakawa wanaelea katikati ya maji kama nguo zilizolowekwa, hakuna wa kuwashtua. Watu wakaacha kuwatazama. Baadaye akaliuza lile tangi kwa bei nzuri sana, akaweka televisheni pale ukutani, kubwa, ya rangi kali. Zile kelele za asubuhi hakuziweka kwenye hesabu wakati wa kuuza, maana hakujua kama ni mali. Siku hizi wateja wakisubiri, wanauliza bado muda gani.